Kumpata Mgombea Urais Ndani ya Chama: Mwongozo kwa Makatibu, Wajumbe na Wanachama

Tanzania haina mgombea binafsi wa urais. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka anayewania kiti hicho awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, na awe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa. Kwa hiyo, kabla mwananchi hajapanga foleni kituoni, uamuzi mkubwa unakuwa umekwisha kufanywa ukumbini na watu wachache, kwa kanuni ambazo wapiga kura wengi hawajawahi kuziona. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, na mfano wake mkuu ni utaratibu wa Chama Cha Mapinduzi (CCM), kwa sababu ndicho chama ambacho vinyang'anyiro vyake vya mwaka 1995, 2005 na 2015 vimeacha kumbukumbu nyingi za kujifunzia. Vyama vingine vinatajwa pale ambapo utaratibu wao unatofautiana au uzoefu wao una la kufundisha.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo linaloongoza ushauri wote utakaofuata. Ugomvi mwingi wa uteuzi hauzaliwi siku ya kura. Huzaliwa wiki nyingi kabla, pale kanuni inapokuwa na utata, ratiba inapobadilishwa njiani, au jina linapokatwa bila mwenye jina kuambiwa kwa nini. Chama kinachotumia nguvu zake zote kuandaa mkutano mkuu wa kupendeza, huku hatua za mwanzo zikiachwa zijiendee, kinajiwekea moto chini ya jukwaa lake chenyewe.

Hatua ya kwanza: kanuni na ratiba kabla ya majina

Katibu mkuu na sekretarieti yake wahakikishe kwamba, kabla jina lolote halijaanza kutajwa, chama kina kanuni za uteuzi zilizoandikwa na kupitishwa na kikao chenye mamlaka. Kanuni hizo zijibu bila kuzunguka nani anaruhusiwa kuomba, awe amekaa katika chama kwa muda gani, fomu zinatolewa wapi na hadi saa ngapi, kikao kipi kinachuja, kipi kinapiga kura, mshindi anahitaji wingi gani, na mwenye malalamiko ayapeleke wapi na ndani ya siku ngapi. Kanuni ikibadilishwa baada ya watia nia kujulikana, hata kama badiliko lenyewe ni la busara, watu watauliza limewekwa kwa ajili ya nani, na swali hilo halitajibika.

Kifungu cha muda wa uanachama kinastahili uangalifu wa pekee. Mwezi Agosti 2025, mkutano mkuu wa ACT-Wazalendo ulimpitisha Luhaga Mpina, aliyejiunga na chama hicho muda mfupi tu kabla akitokea CCM, na akapata zaidi ya asilimia 90 ya kura za wajumbe. Kura hazikuwa na kasoro. Hata hivyo, kabla ya mwezi huo kwisha, Msajili wa Vyama vya Siasa aliutengua uteuzi huo kufuatia malalamiko ya mwanachama kwamba kanuni za chama chenyewe kuhusu muda wa uanachama hazikufuatwa. Shauri lilifika Mahakama Kuu, mgombea akarudishwa, kisha Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikamwengua tena kwa pingamizi jingine. Msomaji anaweza kuuona uamuzi ule kuwa wa haki au wa uonevu, lakini katibu wa chama chochote anapaswa kutoka hapo na funzo la kazi: kila kifungu cha kanuni zenu kitasomwa siku moja na mtu asiyewatakia mema, kwa hiyo mwanasheria wenu na akisome kwanza.

Ratiba hupangwa kwa kuhesabu kinyumenyume, kuanzia siku ambayo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi itafunga kupokea fomu za wagombea. Mwaka 2015 CCM ilitoa fomu kuanzia Juni 3 hadi Julai 2, vikao vya mchujo na mkutano mkuu vikafanyika wiki ya pili ya Julai, na uteuzi wa Tume ukawa Agosti 21. Chama kilijiachia zaidi ya mwezi mmoja kati ya kupata jina na kulifikisha Tume. Muda huo si wa kupumzika. Ni wa rufaa, wa kuwatuliza walioshindwa, na wa kukusanya wadhamini wanaotakiwa na sheria ya uchaguzi, ambao nitawarudia mwishoni.

Hatua ya pili: fomu

Fomu zitolewe katika ofisi moja, na ofisa mmoja mwenye daftari. Kila fomu iwe na namba, na daftari lioneshe namba hiyo, jina la mwombaji, tarehe, saa, namba ya stakabadhi ya malipo na sahihi za pande zote mbili, wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha. Mwaka 2015 ada ya fomu ya urais katika CCM ilikuwa shilingi milioni 1. Waliochukua walikuwa 42 na waliorudisha 38. Ada ina kazi yake ya kupunguza wasio na dhamira, lakini idadi hiyo inaonesha kwamba haiwezi kuwa chujio, na wala isipandishwe ili iwe chujio, kwa sababu itawazuia wenye mfuko mwembamba na kuwaacha wenye dhamira nyembamba.

Hatua ya tatu: wadhamini

Kila mtia nia wa CCM mwaka ule alitakiwa kupata wadhamini 450 ambao ni wanachama, kutoka mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar, yaani wadhamini 30 kwa kila mkoa. Sharti hili lina maana kubwa katika nchi ya Muungano, kwa kuwa linamlazimisha anayetaka urais kwenda kujitambulisha nje ya kwao, na kuvuka bahari.

Uhakiki wake ni kazi ya mikono na macho, na haina njia ya mkato. Karatasi ya majina 30 isomwe mstari kwa mstari katika ofisi ya chama ya wilaya wanakotoka wadhamini, mbele ya daftari la wanachama: jina kamili, namba ya kadi, tawi, ada imelipwa hadi mwezi gani, sahihi. Ofisa anayeijua kazi hii hutazama kwanza mwandiko. Akikuta majina matano yaliyofuatana yenye mkono mmoja na wino mmoja, huyaandika pembeni na kumtuma katibu wa tawi awaulize wenyewe. Kisha hutazama namba za kadi, maana kadi za watu waliokwisha kufariki au kuhama chama huwa hazikosi kujitokeza msimu wa fomu. Mwisho hulinganisha karatasi za watia nia mbalimbali. Kanuni iseme wazi kama mwanachama mmoja anaruhusiwa kudhamini zaidi ya mtu mmoja, kwa sababu isiposema, kila wilaya itaamua kivyake. Kazi yote hii inategemea daftari la wanachama lililo hai. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yanavitaka vyama viwe nalo, na chama kinachoanza kulifufua wakati fomu zimeshatoka kimechelewa.

Watia nia na wapambe wao wakumbushwe pia kwamba udhamini si kura. Mwaka 2015 mtia nia Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alizunguka mikoani akipokewa na umati, na wadhamini wake wakatajwa kwa mamia ya maelfu ilhali kanuni ilitaka 450 tu. Wingi ule ulikuwa ujumbe wa kisiasa mzito, na chama kilikuwa na haki ya kuuzingatia au kutouzingatia, lakini kwa mujibu wa utaratibu haukumwongezea hata kura moja katika kikao kilichofuata. Kuacha umma uamini vinginevyo ni kuandaa hasira.

Hatua ya nne: mchujo

Hapa ndipo penye uzito wote. Katika CCM, majina hupitia kwanza kwenye kamati ya usalama na maadili. Kamati Kuu huyajadili na kupendekeza yasiyozidi matano, Halmashauri Kuu ya Taifa hupiga kura na kubakiza yasiyozidi matatu, na Mkutano Mkuu wa Taifa humchagua mmoja. Mwanachama anayetaka kujua ni wapi hasa rais hupatikana na aitazame hesabu ya mwaka 2015: kutoka 38 hadi matano ni kikao kimoja cha watu wachache, na kutoka matatu hadi moja ni ukumbi wa watu zaidi ya 2,400. Ukumbi mkubwa ulifanya kazi ndogo.

Sisemi kwamba mchujo ni kosa. Chama kina haki ya kumkataa mtu ambaye hakitaki abebe jina lake, na mkutano mkuu wenye majina 38 ungegawa kura hadi mshindi akose uhalali. Lakini mchujo ni mamlaka makubwa yanayotumika faraghani, na mamlaka ya namna hiyo yanahitaji kufungwa kamba za utaratibu kuliko hatua nyingine yoyote. Vigezo viandikwe na kila mjumbe wa kikao awe navyo mezani, na kila jina lipimwe kwa vigezo hivyohivyo, kwa maelezo yanayoingia kwenye muhtasari. Mjumbe ambaye yeye mwenyewe ni mtia nia, au ndugu yake ni mtia nia, atoke nje wakati wa mjadala, na kutoka kwake kuandikwe. Kikao kikishaamua, kila aliyekatwa aitwe na kuambiwa uamuzi na sababu zake kabla ya majina kutangazwa hadharani. Mwanasiasa mzima kusikia redioni kwamba jina lake halimo ni fedheha isiyo ya lazima, na fedheha ndiyo inayohamisha watu vyama.

Usiku wa Julai 10, 2015, Kamati Kuu iliyabakiza majina ya Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali, na la Lowassa likakatwa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kupinga namna majina yalivyopatikana, na baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini, mbele ya mwenyekiti wao, kwamba wana imani na Lowassa. Julai 28 Lowassa alijiunga na Chadema, akasimama kwa mwavuli wa Ukawa, ushirikiano wa vyama vya upinzani, na Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. CCM ilishinda, lakini kwa asilimia 58, na katika ushindani mkali kuliko wowote iliokuwa imewahi kuukabili tangu vyama vingi virudi. Haki ilete mizani: John Malecela alikatwa mwaka 1995, akakatwa tena 2005, na hakuondoka. Tabia ya mtu ina nafasi yake. Chama, hata hivyo, hakiwezi kuandika kanuni za tabia ya mtu, kinaweza kuandika kanuni za kikao.

Vyama vingine huchuja kwa njia fupi zaidi. Mwaka 2020 Chadema kiliwapigia kura watia nia katika Baraza Kuu, ambako Tundu Lissu alipata kura 405, Lazaro Nyalandu 36 na Mayrose Majinge moja, kisha Mkutano Mkuu ukathibitisha. Njia hii ina faida kwamba idadi ya kila mmoja inajulikana, na aliyeshindwa ameshindwa kwa kura na si kwa maelezo.

Kuna pia miaka ambayo mchujo haufanyiki kabisa. Mwaka 2020 Magufuli alichukua fomu peke yake ndani ya CCM, na Januari 2025 mkutano mkuu maalumu uliokutana Dodoma ulipitisha azimio la kumfanya Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea, bila mchakato wa fomu kuwa umefunguliwa kwanza. Wapo wanaoliona hilo kuwa desturi ya kumwachia rais aliyepo amalize ngwe yake. Kwa maoni yangu, hata pale mshindi anapojulikana, dirisha la fomu lifunguliwe kwa siku zilezile za kanuni, kwa sababu gharama yake ni ndogo, na mwanachama anayetaka kuomba akanyimwa hata fomu ananyimwa kitu ambacho katiba ya chama ilimwahidi.

Hatua ya tano: wajumbe

Orodha ya wajumbe wa mkutano mkuu ifungwe kabla ya mchujo, si baada yake, na nakala ibandikwe katika kila ofisi ya mkoa ili mjumbe ajiangalie mwenyewe na wenzake wa wilayani wamwangalie. Nafasi iliyo wazi kwa kifo, kuhama au kuvuliwa uongozi ijazwe kwa uchaguzi, au ibaki wazi. Nafasi za kuteua dakika za mwisho ndizo zinazotiliwa shaka kila mara, na shaka hiyo mara nyingi ina msingi. Akidi ihesabiwe mlangoni kwa vitambulisho vyenye picha, na idadi itangazwe kwa sauti kabla ya ajenda ya uchaguzi, mahudhurio ya Bara na ya Zanzibar yakitajwa kila moja peke yake.

Nauli, malazi na chakula cha wajumbe vilipwe na chama. Mjumbe aliyesafirishwa na mtia nia kutoka Kigoma au Pemba, akalazwa hotelini kwa fedha za mtia nia huyo, anaingia ukumbini akiwa na deni. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inagusa pia hatua za uteuzi ndani ya vyama, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, haihitaji mwaliko wa katibu kuja kuuliza maswali. Bajeti ya mkutano itengwe mapema kwa sababu hiyo.

Hatua ya sita: kura na kuhesabu

Msimamizi wa uchaguzi asiwe kiongozi anayeunga mkono upande wowote, na kila mgombea awe na wakala mezani. Karatasi za kura ziwe na namba kwenye vishina, zigawiwe kwa kanda za ukumbi, na idadi iliyogawiwa iandikwe kwenye fomu ya kila kanda. Sanduku lifunguliwe na kuoneshwa tupu kwa pande zote nne za ukumbi kabla ya kufungwa kwa lakiri.

Wakati wa kuhesabu, karatasi zote kwanza zihesabiwe zikiwa zimekunjwa, ili jumla ilingane na zilizogawiwa. Ndipo moja baada ya nyingine ifunguliwe, inyanyuliwe juu ili mawakala waione alama, jina lisomwe kwa sauti, na karatasi iwekwe kwenye fungu lake. Mafungu yafungwe 50 kwa 50. Karatasi yenye utata isiamuliwe na mtu mmoja pale pale. Iwekwe kando, na mwishoni zote ziamuliwe mbele ya mawakala kwa kigezo kimoja, yaani kama nia ya mpiga kura inaonekana. Matokeo yasainiwe na mawakala kabla ya kutangazwa, na tangazo litaje kura zilizopigwa, zilizoharibika na za kila mgombea.

Kanuni iseme kwamba mshindi lazima avuke nusu ya kura halali, na duru ya pili iwe tayari, karatasi zikiwa zimekwisha kuchapwa. Julai 1995, katika duru ya kwanza, Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Benjamin Mkapa akapata 459 na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Wakarudia wawili wa juu, na Mkapa akashinda kwa kura 686 dhidi ya 639, tofauti ya kura 47. Aliyekuwa ameongoza duru ya kwanza alikubali, akabaki serikalini, na miaka 10 baadaye akashinda ukumbi huohuo wa chama katika duru moja kwa kura 1,072, mbele ya Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Sharti la nusu ndilo lililoamua, na liliheshimiwa kwa sababu lilikuwepo kwenye kanuni kabla ya mtu yeyote kujua litamfaa nani. Mwaka 2015 duru moja ilitosha: Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Migiro 59.

Urais wa Zanzibar una njia yake. Katika CCM jina la mwisho huamuliwa na Halmashauri Kuu, si Mkutano Mkuu, na Julai 2020 Hussein Mwinyi alipita huko kwa kura 129, Khalid Salum Mohamed akiwa na 19 na Shamsi Vuai Nahodha 16. Watia nia wa pande hizi mbili wapewe maelekezo tofauti ya maandishi.

Hatua ya saba: mgombea mwenza na Tume

Ibara ya 47 ya Katiba inataka rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke upande wa pili. Hivyo jina la mgombea mwenza haliwezi kutulia kabla ya kura ya urais, na kanuni ieleze ni nani analipendekeza na kikao kipi kinaliridhia. Mwaka 2015 Magufuli alimtaja Samia Suluhu Hassan mbele ya mkutano uleule uliomchagua. Ni vizuri kila mtia nia aulizwe mapema, kwa siri, majina mawili au matatu anayoyafikiria, ili sifa zao ziwe zimekwisha kuhakikiwa.

Baada ya hapo huanza udhamini wa pili, na hapa makatibu wapya hukosea kwa kudhani ni uleule. Sheria ya uchaguzi inataka wadhamini 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Hawa hutazamwa kama wapiga kura walioandikishwa, si kama wanachama, kwa hiyo namba inayotakiwa ni ya kadi ya mpiga kura. Orodha ya wadhamini wa ndani ya chama hainakiliwi tu. Ikusanywe upya, na kila mkoa ukusanye zaidi ya 200, kwa sababu namba zenye makosa hazikosekani. Fomu zirudishwe Tume angalau siku moja kabla ya siku ya mwisho, pamoja na nakala za muhtasari wa kila kikao kilichotajwa hapa, zikiwa zimesainiwa na kupigwa mhuri, maana pingamizi likiwekwa, majibu yatatakiwa kwa haraka na mafaili yaliyobaki makao makuu hayatawahi.